Kanzu ya Mafuta

Mji wa Kale, Mombasa
6 Mfungo Mosi (5 Aprili 2025)

Mpwa wangu Nabiha,

Idd njema, ijapokuwa barua hii itakufika Idd imeshasahauliwa. Mkaza mjomba wako Mwanaesha amesimama hapa begani kwangu, anataka nikuulize kama unakula. Nimemwambia mtu asiyekula hawezi kusomea vijidudu Ujerumani miaka minne, lakini hakuridhika. Basi nijibu, unakula? Sisi huku hatujambo. Mahamri ya Idd yalikuwa mengi kuliko wageni, na mimi nikaambiwa niyamalize.

Utacheka kuona barua. Utasema mjomba amerudi zama za babu zake. Simu yangu ina kasoro, sauti hukatika, na mimi mtu wa sauti sipendi kukatwa. Tena barua ina adabu yake, mtu hufikiri kwanza ndipo akasema, wala hakatizwi na msichana mwenye haraka. Kwa hivyo usinipigie. Niandikie.

Msikitini nimempa Khubaib adhana ya alfajiri na ya isha, ajizoeze. Ni mtu mzima mwenye wajukuu, na bado anaadhini kama anayeita kuku. Hata Badruddin wa duka la viungo, ambaye si wa msikiti wetu, ameniuliza kwa heshima zake zote nitarudi lini. Nimemwambia karibuni. Nimechoka kidogo tu, ni joto.

Soma kwa bidii, funika kichwa kwenye baridi.

Mjomba wako,
Faraj


Hamburg, 26 Aprili 2025

Mjomba, shikamoo.

Ninakula. Mwambie mkaza mjomba nimepata unga mzuri kwa Mturuki mmoja na ninapika mahamri kila Jumapili, ingawa iliki ya huku haina harufu. Kazi inaendelea. Baridi imeanza kulegea.

Sasa tuseme la kusema. Simu yako haina kasoro. Nimepiga mara nyingi, na kila mara anapokea mkaza mjomba, sauti yake safi kama yuko chumba cha pili. Mara uko msikitini, mara umekwenda Buxton kumuona mgonjwa, mara umelala. Jumapili iliyopita alisema umelala, na nyuma yake nikasikia kikohozi. Nikamuuliza, "Nani huyo?" Akasema ni paka.

Mjomba, kikohozi kile ninakijua. Nilikuwa na miaka saba, mama amelala katika chumba cha kati, kile kisicho na dirisha, na wewe ukiingia na bakuli la uji na ukitoka nalo limejaa. Nilikuwa nikikaa kwenye ngazi nikikisikiliza. Siku kilipokoma nilifurahi, nikadhani amepona. Wewe ndiye uliyekuja kunibeba ukaniambia. Nimesoma yote niliyoyasoma kwa sababu ya kikohozi kile, na sitaki kukisikia mara ya pili kwenye simu.

Nakuomba kwa haki ya huyo dadako, nenda ukapime makohozi. Naogopa, mjomba.

Nabiha


Mji wa Kale, Mombasa
22 Mfungo Pili (20 Mei 2025)

Mwanangu Nabiha,

Paka amepimwa. Ana kifua kikuu.

Nilitaka nisikwambie mpaka nipone, lakini umeniapiza kwa mtu ambaye siwezi kumkatalia. Naam, nakohoa tangu Rajabu. Nilikukataza kupiga simu kwa sababu siwezi kumaliza sentensi bila kukohoa, na nilijua ungesikia neno la kwanza tu.

Zahanati nilihudumiwa na Swafia, yule binti wa nyumba ya pembeni, niliyemfundisha Qurani chuoni kwangu tangu alifu na be. Leo ni nesi. Alijifunika mdomo na pua na hakuniinulia macho hata mara moja. Akanipa vidonge vyekundu, kila asubuhi kabla ya kula. "Mwalimu, mumeze kila siku, miezi sita," akasema. "Musiwache hata mukipata afueni." Kulikuwa na jambo jengine alitaka kulisema. Alifungua mdomo, akaufunga, akasema, "Na mengine mutayaona wenyewe, inshallah kheri." Nikamuombea dua nikaondoka.

Nyumbani, Mwanaesha amenihamishia chumba cha kati upepo usinipige. Milango imefungwa, ubani unafuka asubuhi na jioni. Sahani yangu na kikombe changu amevifunga uzi mwekundu visichanganyike na vya watu. Nabiha, tangu nizaliwe sijawahi kula peke yangu. Sote tumekua mikono yetu ikigongana kwenye sinia moja. Usiku wa kwanza nililetewa sahani yangu na uzi wake, nikaitazama, nikalia kama mtoto.

Sasa wewe unayemsomea mdudu huyu, nieleze kwa Kiswahili cha nyumbani. Ni nini kinachonila? Mbona miezi sita, na si wiki moja kama dawa nyengine? Na pumzi yangu je? Nilikuwa nikivuta adhana mpaka mtu wa sokoni akaweka chini mzigo wake. Sasa ngazi za nyumba yangu zanishinda.

Usije. Najua habari ya karatasi zako za ukaazi, kwamba ukitoka kabla hazijakamilika hawatakurudisha. Kaa usome.

Mjomba wako,
Faraj


Hamburg, 8 Juni 2025

Mjomba wangu, shikamoo.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye korido, nikaenda nayo chooni nikalia, nikarudi kazini na macho mekundu. Wenzangu walidhani nimemwagikiwa na dawa. Hizo ndizo habari zangu.

Kwanza, mambo ya nyumbani. Sinia halina kosa. Ugonjwa huu hauambukizi kwa sahani wala kikombe, huruka kwa pumzi. Mkaza mjomba ametenga sahani na kufunga dirisha, wakati alipaswa kufungua dirisha na kuiacha sahani. Akutoe chumba cha kati leo hii, akulaze chumba cha roshani, madirisha wazi usiku na mchana. Ubani azime. Na yeye apimwe, wala asiniambie habari za paka.

Sasa swali lako. Vijidudu vingi vinavyoua huingia na sumu, vikafanya fujo, mwili ukavitambua. Huyu hana haraka na hana sumu ya kutisha. Alichonacho ni nguo. Amevaa kanzu ya mafuta na nta, nene, tabaka juu ya tabaka, na kazi yangu yote ya miaka hii ni kuifumua kanzu hiyo uzi mmoja mmoja nijue kila uzi unafanya nini.

Kuna mafuta ya juu ambayo kazi yake ni kumficha. Mapafu yako yana askari, chembe hai zinazomeza kila kigeni. Mafuta hayo huwapumbaza. Wanammeza mdudu bila kuita wenzao, naye hafi, anakaa humo tumboni mwa askari akila na kulala. Kuna mafuta mengine ambayo ni uchokozi mtupu. Mwili ukiyahisi hupandwa na hasira, hukusanya majeshi, yakamzunguka mdudu kwa ukuta, kikawa kinundu ndani ya pafu. Pengine humo hulala miaka ishirini. Mimi naamini wako ulimpata kwa mama, ukamlea kifuani bila kujua. Na pengine kinundu huoza katikati, kikawa laini kama jibini, kikapasukia kwenye njia ya hewa, na palipokuwa na pafu pakabaki shimo. Kwa hivyo anayekula mapafu yako, mjomba, si mdudu peke yake. Yeye na mafuta yake huchokoza, na anayebomoa ni mwili wako mwenyewe kwa hasira.

Ama miezi sita, umeona sufuria ya pilau ya harusi ikioshwa kwa maji baridi? Maji huteleza tu. Dawa nayo hupata taabu kuipenya nta ile, na wadudu waliolala ndio wagumu zaidi kufa. Mwezi wa kwanza hufa walio macho, nawe ukajiona umepona. Waliolala wanakusubiri uache. Usiache, mjomba. Nakupigia magoti kwenye karatasi hii.

Dawa yenyewe ina mambo yake madogo madogo, Swafia atakueleza. Pumzi tutaizungumza ukimaliza.

Mwanao,
Nabiha


Mji wa Kale, Mombasa
4 Mfungo Nne (30 Juni 2025)

Nabiha mwanangu,

Heri ya mwaka mpya wa Kiislamu. Barua yako nimemsomea Mwanaesha mara mbili. Mara ya kwanza alisema Wazungu wamekuharibu akili. Mara ya pili aliinuka akafungua madirisha ya roshani yote, na uzi mwekundu akaukata kwa meno. Amepimwa, hana kitu. Sasa tunakula pamoja, yeye upande wa dirishani, mimi nimempa ubavu kama wachumba waliogombana.

Homa imeondoka. Nimenenepa kidogo, kanzu zinanikaa. Kikohozi ni cha kuhesabu. Habari zote ni njema na hapana haja ya wewe kupoteza usingizi.

Kulikuwa na jambo moja la tohara, la usafi wa sala, lililonitaabisha, lakini si jambo la kumuandikia mtoto wa kike. Nimelimaliza mwenyewe, alhamdulillahi. Karibuni nitarudi kwenye adhana zangu, watu wa mtaa wapumzike na Khubaib. Maulidi ya mwaka huu nimeahidi kuadhini magharibi mimi mwenyewe.

Mjomba wako,
Faraj


Hamburg, 24 Julai 2025

Mjomba, shikamoo.

Nimefurahi kuhusu madirisha. Nimefurahi kuhusu sinia. Nimefurahi kwamba umenenepa. Huku ni kiangazi, jua halizami mpaka saa tatu na nusu usiku, na mimi niko maabara nikifuga wadudu wasiokuwa na uzi mmoja wa kanzu yao nione watapigana vipi. Bado sijapata jibu la maana.

Barua yako haisemi kama unameza dawa. Imesema kila kitu isipokuwa hilo. Jambo la tohara ni jambo gani? Kama ni lile ninalolidhani, basi muulize Swafia, ni jambo dogo, usilichukulie hatua yoyote. Lakini unameza? Nijibu kwa neno moja tu.

Nabiha


Hamburg, 2 Septemba 2025

Mjomba,

Sijapata barua. Nikipiga simu, mkaza mjomba ananiambia hujambo na kunikatia. Anakata simu mtu ambaye zamani nilikuwa nikimuomba anipe nafasi nipumue.

Unameza? Unameza? Unameza?

Sina salamu nyingine.

Nabiha


Hospitali, Mombasa
2 Mfungo Saba (25 Septemba 2025)

Mwanangu,

Nakuandikia nimeegemea mito. Nitaandika kidogo kidogo.

Barua zako mbili zilifika. Nilizificha chini ya msala. Sikuwa nikimeza. Niliacha mwisho wa mwezi wa kwanza wa dawa.

Nitakwambia lile ambalo mjomba hamwambii mpwa wake. Siku chache baada ya kuanza dawa, niliingia msalani, na haja ndogo ilikuwa nyekundu. Nilidhani ni damu. Kesho yake vivyo hivyo. Nikatazama kola ya kanzu yangu nyeupe, jasho limeacha doa la rangi ya machungwa. Nilitia udhu nikaurudia, nikatia tena. Mimi ni mtu wa kusimama mbele na kuwaita watu kwenye sala, nitasimama vipi na shaka ya damu mwilini? Kila sala niliyosali sikujua kama ni sala. Kumuuliza Swafia, mtoto niliyemfundisha tohara kwa mdomo wangu huu, sikuweza. Kukuandikia wewe, bora nife. Nikasema hizi dawa zinanipasua figo, nikaacha. Na siku ya pili haja ikawa safi. Nikaona naam, nimepata dalili. Nikasujudu kushukuru. Mwanaesha nikamwapiza asikwambie.

Siku ya Maulidi nilivaa kanzu niliyoifua mwenyewe. Kikohozi kilikuwa kimerudi lakini nilikinywea asali. Nilisimama, nikashika masikio, nikavuta pumzi. "Allahu akbar" ya kwanza ilitoka. Ya pili ilitoka na damu. Safari hii ilikuwa damu ya kweli, Nabiha, ilimwagika mbele ya kanzu yote mpaka miguuni, na Khubaib ndiye aliyenidaka. Ndiye aliyemaliza adhana. Nilimsikia nikiwa chini. Haikuwa mbaya.

Swafia alikuja kuniona wodini. Nilimwambia yote nikiwa nimegeukia ukutani. Akaanza kulia. "Ni rangi ya dawa, mwalimu. Kila mtu humtoka. Nilistahi kuwatajia." Ni rangi ya dawa tu. Nusu ya maisha yangu imekwenda kwa rangi ya dawa.

Wamepima, wanasema dawa bado zinamuweza mdudu, nimeanza upya mwezi wa kwanza. Picha ya kifua inaonyesha shimo upande wa kulia na kushoto pameanza. Nakuuliza mara ya pili. Pumzi yangu itarudi?

Faraj


Hamburg, 12 Oktoba 2025

Mjomba wangu,

Nilijua. Hilo ndilo la kwanza, na sitaki ulisikie kwa mtu mwengine.

Barua ile ya Juni niliiandika mara mbili. Katika ya kwanza kulikuwa na mstari unaosema, "Mjomba, mkojo wako utakuwa mwekundu, ni dawa, si damu." Niliutazama ule mstari umekaa pale karibu na jina lako, nikaona haya. Nikasema nesi atamwambia. Nikachukua karatasi nyingine na kukuandikia mambo madogo madogo. Nimejaza ukurasa mzima kwa mafuta ya mdudu, nikashindwa na mkojo wa mtu! Mficha uchi hazai, ulikuwa ukitwambia chuoni, na sisi watatu, wewe na Swafia na mimi, tumeuficha mpaka umekutoboa kifua.

Nakukasirikia pia. Ulizificha barua zangu chini ya msala! Ningekuwa karibu ningekushika kwa nguvu nikumezeshe kama wewe ulivyonimezesha mimi dawa ya malaria, umenibana pua. Sijui nikuombe radhi kwanza au nikugombeze kwanza. Nafanya yote mawili nikilia.

Sasa sikiliza, naandika bila haya. Mkojo utakuwa mwekundu. Jasho, mate na machozi vitapata rangi. Choo kinaweza kubadilika. Si damu, na si zaidi ya mkojo wa siku zote, unastanji kwa maji kama kawaida na udhu wako ni udhu. Ukiwa mwekundu, ndiyo dalili kwamba dawa imeingia mwilini. Siku usipokuwa na rangi ndiyo siku ya kuogopa. Macho yakigeuka manjano au tumbo likikuuma upande wa ini, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nimekwenda kwa profesa wangu nikamwambia nataka kurudi nyumbani. Karatasi bado. Nimekaa mbele ya darubini nikiwatazama wadudu wale wale, na kanzu zao, na nimewachukia kama watu.

Meza.

Nabiha


Mji wa Kale, Mombasa
10 Mfungo Nane (1 Novemba 2025)

Nabiha,

Nimerudi nyumbani. Nameza. Ni mwekundu.

Radhi umepata kabla ya kuiomba. Wewe ni mtoto niliyekulea mimi, haya hiyo niliitia mimi mwenyewe.

Lakini nimekuuliza swali mara mbili, na mara mbili umepita kando. Madaktari hapa wananiambia tuombe Mungu. Mimi najua kuomba, ni kazi yangu. Nataka kujua. Sauti niliyoipoteza itarudi au haitarudi? Usinistahi.

Faraj


Hamburg, 20 Novemba 2025

Mjomba,

Haitarudi.

Nimeandika neno hilo nikaondoka mezani, nimezunguka mtaa mzima kwenye mvua, nimerudi na bado ni kweli. Dawa humuua mdudu. Haishoni pafu. Hata akishakufa, yale mafuta yake huweza kubaki, na mwili ukaendelea kugombana na nguo ya maiti. Mwili ukishachoka, pale palipogombaniwa panakuwa kovu gumu, na kovu halivuti hewa. Shimo linaweza kusinyaa. Haliwi pafu tena. Ukimeza mpaka mwisho utaishi, inshallah, utapanda ngazi kwa kupumzika katikati, utasali umekaa siku nyingine. Adhana ya pumzi ndefu haitarudi.

Kama ungemeza ile miezi ya mwanzo, pumzi nyingi ingebaki. Hili nalo umeniambia nisikustahi.

Katika maabara nimepata jibu moja. Ukimvua mdudu ule uzi wa uchokozi, chembe zetu hutulia na uharibifu hupungua. Wenzangu walinipongeza. Nilikaa nikafikiri, litafika lini kwenye kidonge? Si kwa wakati wako. Pengine si kwa wakati wangu. Sijui kama nimefanya kazi ya maana maishani, mjomba. Nimejua kila kitu juu ya kanzu yake, na aliyevaa nyeupe nimemwacha alowe damu.

Nisamehe.

Nabiha


Mji wa Kale, Mombasa
10 Shaabani (30 Januari 2026)

Mwanangu Nabiha,

Salamu kutoka dirishani. Ndipo ninapokaa siku hizi. Khubaib ndiye mwadhini, kwa idhini yangu. Huja kwangu baada ya laasiri nimrekebishe. Namwonyesha kwa mkono mahali pa kuvuta, kwa sababu mimi sauti yangu ni ya kunong'ona. Badruddin ameacha kuuliza nitarudi lini. Hilo liliniuma kuliko nilivyodhani.

Barua yako ya Novemba niliisoma, nikaikunja, nikaiweka mbali. Nilikukasirikia. Kisha nikaona kwamba katika mwaka mzima huu ni wewe peke yako uliyenijibu nilichouliza. Kazi yako ni ya maana. Isipowahi kwangu, itamuwahi mtu, nami huyo mtu nimeshamuombea.

Sasa la kusema. Mkaza mjomba wako anakohoa.

Alianza mwezi uliopita. Alinificha. Alikuwa akienda kukohoa uani na kusema ni pilipili. Nimemuuliza, "Pilipili gani hii ya kila usiku?" akanijibu nisimsumbue. Ile miezi niliyoacha dawa alilala chumba kimoja na mimi, Nabiha. Dirisha lilikuwa wazi lakini mimi nilikuwa karibu zaidi ya dirisha. Mimi ndiye niliyempa. Hapana mtu wa kunambia vyengine, na ukinambia wewe nitajua umerudia kunistahi.

Nimempeleka mwenyewe zahanati. Nilipumzika mara tatu njiani. Makohozi yakapimwa, yakawa nayo. Benchi lilikuwa limejaa wanaume na wanawake wa mitaa hii hii, wengi nimewasomesha au nimewazikia wazee wao. Swafia akamtolea Mwanaesha vidonge vyake, akamweleza miezi sita, akamweleza asiache. Kisha nikaona anainamisha macho.

Nikasimama. Kwa kunong'ona kwangu nikasema, "Mwanaesha, mkojo wako utakuwa mwekundu."

Benchi lote lilinyamaza. Ilibidi wanyamaze, vyenginevyo wasingesikia. Nikaendelea. Nikasema na jasho, na machozi, na nguo zitaingia doa, wala si damu, na udhu ni udhu. Nikasema aliyeacha dawa kwa haya ya mkojo anitazame mimi. Mzee mmoja pale mwisho wa benchi akaanza kulia, hajasema kwa nini. Mwanaesha alijifunika uso mzima kwa buibui. "Una wazimu, Faraj?" akasema. "Mbele ya watu?" Nikamwambia, "Ndiyo, mbele ya watu." Sijawahi kusikilizwa hivyo katika adhana zangu zote.

Usiku huo tulikula sinia moja, dirishani. Sijui kama atapona. Ana umri, na mwili wake mdogo. Naogopa kuliko nilivyojiogopea mwenyewe, na usiku nahesabu pumzi zake badala ya zangu.

Leo ni siku yake ya tatu. Alfajiri nilikuwa kwenye msala, nikamsikia ananiita kutoka mlango wa choo, sauti ndogo ya mtu mwenye haya. "Faraj," akasema. "Ni mwekundu."

Nikavuta pumzi yote iliyobaki kifuani, nikamjibu kwa nguvu mpaka nikakohoa: "Alhamdulillahi!"

Mjomba wako,
Faraj